ZAWADI YA JOHO: JAMAA YA NJORO YAVUKA MPAKA KWA MARA YA KWANZA

Kila siku ya mahafali inapofika katika Chuo Kikuu cha Egerton, huko Njoro, barabara itokayo mjini Nakuru hujaa magari tangu alfajiri. Watu hutoka Molo, Rongai, Subukia, Bahati na Gilgil, na wengine hutoka mbali kuliko huko. Akina mama huvaa nguo zao za kwendea kanisani, wazee huchukua fimbo zao, na watoto wadogo huonywa wasichafue viatu. Wahitimu husimama pamoja kwa mamia, na kila mama hutafuta kofia moja tu katika kofia zote zile zinazofanana. Akiisha kuiona hupiga vigelegele, hata ikiwa kwa kweli amekosea, na kofia ile ni ya mtoto wa mwenzake.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1939 na Lord Maurice Egerton kuwa shule ya ukulima kwa vijana wa Kizungu, na mlango wake haukufunguliwa kwa watu wa kila rangi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1987 kilipata kuwa chuo kikuu kamili. Kwa hiyo nyanya anayeketi pale kumtazama mjukuu wake huenda alizaliwa wakati ambapo mtu wa namna yake aliingia katika lango lile kwa kazi ya jembe tu. Si ajabu basi kwamba vigelegele ni vingi.

Baada ya vigelegele huja zawadi. Zamani mhitimu alivishwa shada la karatasi za rangi, akachinjiwa mbuzi, akapewa saa ya mkononi au blanketi, na mambo yakaisha. Siku hizi imezuka zawadi nyingine, nayo ni safari ya kwenda nchi ya nje. Desturi hii ni njema, kwa maana kutembea kwingi ni kuona mengi. Lakini yataka kufikiriwa, kwa sababu zawadi isiyopimwa yaweza kugeuka deni, na safari ya mtu mmoja yaweza kuacha uchungu katika nyumba ya watu wengi.

ZAMANI JAMAA ILIBAKI STESHENI

Kusafiri kwa ajili ya elimu si jambo jipya katika Bonde la Ufa. Reli ipitayo Nakuru na kupanda nyanda za juu mpaka Eldoret ilifika Kampala mwaka 1931, na tangu hapo vijana wa Kenya waliochaguliwa kusoma Makerere waliweza kwenda huko kwa gari moshi. Mwai Kibaki, aliyekuja kuwa Rais wa tatu wa Kenya, alihitimu Makerere mwaka 1955. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi mashuhuri, aliingia huko mwaka 1959. Na mwezi wa Septemba mwaka huo huo ndege iliondoka Nairobi ikiwa imechukua wanafunzi 81 waliokwenda kusoma Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake wa ng'ambo.

Katika safari hizo zote aliyevuka mpaka alikuwa mwanafunzi peke yake. Jamaa iliuza ng'ombe, majirani wakachanga, mama akafunga vyakula vya njiani, kisha wote wakabaki stesheni au uwanja wa ndege wakipunga mikono. Kijana alirudi baada ya miaka mingi akiwa na elimu na habari za ajabu, nao waliomlipia walisikiliza habari hizo kama mtu asikiavyo hadithi. Hawakuwa na njia ya kuziona wenyewe.

Leo mambo yamegeuka. Kijana wa Njoro, Rongai au Molo aweza kusoma na kuhitimu karibu na kwao, na safari huja baada ya masomo, wala si kabla yake. Ndiyo maana pana nafasi ambayo wazee wa zamani hawakuwa nayo, yaani nafasi ya waliolipa kusafiri pamoja na aliyelipiwa. Jamaa ifuatayo ni mfano tu, nayo haina haja ya kutajwa jina, kwa maana jamaa za namna hiyo ni nyingi.

SHAURI LA USIKU MMOJA

Baba wa nyumba hiyo ni mkulima wa viazi na mfugaji wa ng'ombe wachache wa maziwa. Ana watoto wanne. Wa pili, ambaye ni binti, ndiye aliyehitimu. Wa kwanza ni mvulana aliyemaliza kidato cha nne na kupata alama za kumwezesha kuendelea, lakini mwaka ule fedha hazikutosha watoto wawili. Akaenda kujifunza kutengeneza pikipiki kwa fundi mmoja wa mjini, na tangu hapo kila mwisho wa mwezi alituma nyumbani sehemu ya mshahara wake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na kwa kweli hakuna aliyemshukuru sana pia, kwa sababu jambo likiwa la kila mwezi watu hulizoea kama mvua.

Miezi miwili kabla ya mahafali, baba aliita shauri. Alikuwa amesikia kwamba mtu mmoja wa jirani alimpeleka mwanawe Dubai kwa siku nne, na picha zake zikaonyeshwa kijiji kizima. Naye akakusudia kukopa katika chama chake cha akiba, ampeleke binti yake huko, na yeye mwenyewe amsindikize. Alisema hayo kwa furaha, akitazamia kwamba watu wote watashangilia.

Mama hakusema neno. Aliyesema ni nyanya, mama yake baba, mwenye umri upatao miaka themanini.

"Mwanangu," alisema, "nilipokuwa msichana nilichuma pareto karibu na Timboroa. Kila siku gari moshi la Kampala lilipita juu yetu, na watu wakatupungia mikono madirishani. Nasi tukawapungia. Miaka yote hii sijapata kujua gari lile lilikuwa likienda mahali pa namna gani."

Watu wakanyamaza. Ndipo binti akamgeukia baba yake, akasema kwa adabu, "Baba, nakushukuru sana. Lakini shahada hii imeandikwa jina langu tu kwa sababu karatasi ina nafasi ya jina moja. Kama ni zawadi yangu, naomba unipe ruhusa niigawanye. Tuende Kampala, sote. Nyanya aende, mama aende, na kaka aende."

Kaka yake aliinua uso upesi, kisha akauinamisha tena. "Mimi nitabaki," alisema. "Lazima mtu aangalie ng'ombe."

Baba alikasirika kidogo, kama ilivyo kawaida ya mtu aliyeleta shauri kubwa likapunguzwa mbele yake. Lakini usiku ule alichukua daftari na kalamu. Alihesabu nauli ya ndege ya watu wawili, viza, vyumba vya hoteli na chakula. Kisha akahesabu nauli ya basi ya watu saba mpaka Uganda, na vyumba vya nyumba ya wageni ya kawaida. Akaona kwamba safari ya watu saba ingelipika kwa fedha za viazi zilizokuwa tayari benki, pasipo mkopo wowote, tena na baki ingekuwapo. Akakumbuka pia kwamba binti yake mwenyewe alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambao hudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Nyumba yenye deni moja la elimu haina sababu ya kujitafutia deni la pili la picha. Asubuhi alitangaza kwamba wataenda Kampala, na kwamba ng'ombe wataangaliwa na jirani.

HATI ZA SAFARI

Watu wengi huogopa neno "nchi ya nje" kwa sababu hudhani kwamba kila mpaka wataka pasipoti. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameweza kutumia kitambulisho cha taifa kuvuka kutoka nchi moja hadi nyingine katika hizo tatu. Mtoto asiyefikia umri wa kitambulisho huombewa pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kadhalika yafaa kila msafiri awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo ichomwe walau siku kumi kabla ya kuondoka, maana kinga yake haiji siku ile ile.

Katika nyumba hii taabu ilitoka pale ambapo hakuna aliyeitazamia. Kitambulisho cha nyanya kilikuwa kimekaa katika kitambaa kifuani pake miaka mingi, na tarakimu zake zilikuwa zimefutika hata hazisomeki. Baba alisema labda askari wa mpakani watamhurumia mzee. Binti alikataa, akampeleka nyanya yake mjini Nakuru kuomba kitambulisho kipya. Walikwenda mara tatu. Mara ya kwanza vidole vya nyanya, vilivyosuguliwa na jembe, havikuacha alama nzuri katika karatasi; mara ya pili waliambiwa wangoje; mara ya tatu walikipata, zikiwa zimebaki siku sita tu. Atakaye kusafiri na wazee na aanze kwa kutazama karatasi za wazee.

NJIA YA NYANDA ZA JUU

Kutoka Nakuru hadi Kampala kwa njia ya Eldoret na Malaba ni kiasi cha kilomita 500. Mabasi mengi hupita usiku, lakini jamaa hii ilichagua basi la mchana, na ilifanya vyema. Mteremko wa Sachangwan na barabara ya Salgaa vimeua watu wengi, na zaidi ya watu mia moja walikufa Sachangwan mwaka 2009 lori la mafuta lilipoanguka na kushika moto. Tena anayesafiri usiku haoni nchi, naye alitoa fedha ili aione.

Kupita Mau Summit baridi iliingia, na baadaye kidogo walivuka mstari wa Ikweta. Mtoto wa mwisho alikuwa amejifunza shuleni habari za mstari huo, akakaza macho nje ili auone ukikata mashamba. Hakuona ila kibao, akasikitika. Karibu na Timboroa, ambapo reli hupanda zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, nyanya aliomba akae dirishani. Pareto haikuwapo tena mahali alipopajua. Palikuwa na viazi na miti. Lakini reli ilikuwapo, na aliitambua. Gari moshi la abiria haliendi tena Kampala, na shirika la reli la pamoja lilivunjika pamoja na Jumuiya ya kwanza ya Afrika ya Mashariki mwaka 1977. Nyanya aliinua mkono kidogo, akaupunga, kisha akauweka tena mapajani. Hakuna aliyemcheka.

Basi likateremka Eldoret, likapita Turbo na Webuye, joto likaongezeka, na mashamba ya miwa yakaonekana badala ya ngano na viazi. Mchana, basi lilifika Bungoma, kisha Malaba, likasimama nyuma ya msururu mrefu wa malori.

MPAKANI MALABA

Hapo zamani msafiri alipigiwa muhuri upande mmoja, akatembea na mizigo yake, akapigiwa muhuri tena upande wa pili. Siku hizi maofisa wa nchi mbili hukaa pamoja upande ule unaoingiwa, na kazi huisha mara moja. Nyanya alikitoa kitambulisho chake kipya kabla hajaulizwa. Ofisa alikitazama, akamtazama uso, akasema kwa Kiswahili, "Karibu Uganda, mama." Nyanya alimwuliza ikiwa ni hayo tu. Akaambiwa ni hayo tu. Alionekana kama mtu aliyejitayarisha kwa vita akakuta mlango wazi.

Yafaa wasomaji wajue jambo moja juu ya mpaka huo. Mpaka mwaka 1902 sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ya leo, pamoja na nchi ya Nakuru na Naivasha, ilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda. Mwaka huo serikali ya Kiingereza iliihamishia upande wa pili kwa maandishi, na watu waliokuwa wakichunga mifugo yao hawakuulizwa. Huko Malaba kwenyewe Wateso wako pande zote mbili za mto, wenye lugha moja na ndugu wanaozikana. Basi mtu wa Nakuru aendaye Uganda huenda nchi ya nje kwa sheria, lakini kwa tarehe za historia ni kama aendaye kumtazama jirani waliyetenganishwa naye na ukuta.

Mama, ambaye ndiye mshika fedha wa nyumba, alipata somo lake hapo. Shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa shilingi zaidi ya ishirini za Uganda, na mtu asiyezoea huona maelfu mengi mkononi akadhani amekuwa tajiri. Mama alikwisha kuandika bei za nyumbani katika karatasi, na kila alipotajiwa bei aligawanya kwanza. Kwa njia hiyo ndizi za kuchoma alizouziwa barabarani hazikumgharimu kuliko zilivyostahili.

MAJI YA JINJA

Walishuka Jinja jioni, wakalala. Asubuhi walikwenda mahali ambapo mto Naili hutoka katika ziwa na kuanza safari yake ya kilomita zaidi ya 6,000 mpaka bahari ya Misri. Vitabu husema kwamba John Hanning Speke alifika hapo mwaka 1862, lakini Wasoga na Waganda walikuwa wakiujua mto huo zamani sana kwa jina la Kiyira, wakinywa maji yake na kuyaheshimu. Maporomoko aliyoyaona Speke hayapo tena. Yalizama baada ya kujengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwezi wa Aprili mwaka 1954. Siku hizi magari hupita juu ya daraja jipya lenye urefu wa mita 525, lililofunguliwa mwezi wa Oktoba mwaka 2018, nalo limeninginizwa kwa kamba za chuma zilizofungwa katika minara.

Hapo ndipo kaka alipoanza kusema. Njia nzima alikuwa ameketi kimya nyuma ya wote, kama mtu aliyechukuliwa kwa huruma. Lakini alipoziona nyaya kubwa za umeme zikitoka upande wa bwawa, alianza kuwaeleza wadogo zake jinsi maji yaangukavyo yanavyozungusha mitambo, na mitambo inavyozaa umeme. Dada yake alikuwa akilijua jambo lenyewe kwa vitabu, naye akamwongezea kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 umeme wa Jinja ulivutwa kwa nyaya mpaka Nairobi, ukipita katika Bonde la Ufa. Kaka akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe taa za Nakuru zilikuwa zikiwashwa na mto huu." Baba alimtazama mwanawe huyo mkubwa, na kwa muda mrefu hakuondoa macho yake.

MAKERERE

Kutoka Jinja hadi Kampala ni kiasi cha kilomita 80, na njia hupita katika msitu wa Mabira, ambako wachuuzi hukimbilia madirisha ya mabasi na vijiti vya nyama na ndizi. Kampala ni mji wa vilima. Jamaa iliona kilima cha Namirembe na cha Rubaga, penye makanisa makubwa; ikaona Kasubi, yalipo makaburi ya Makabaka wanne, ambayo nyumba yake kuu ya nyasi iliungua mwezi wa Machi mwaka 2010 na kujengwa tena. Watoto walikula chapati iliyokunjwa pamoja na mayai, chakula ambacho vijana wa Kampala hukipenda sana, wakakisifu kuliko makaburi yote.

Siku ya mwisho binti alitaka kuuona Makerere, mahali ambapo vijana wa reli ya zamani walikuwa wakienda. Walisimama mbele ya jengo kuu, lile lililoungua mwezi wa Septemba mwaka 2020 likajengwa upya. Nyanya aliuliza ikiwa hapa ndipo wale waliokuwa wakimpungia mikono walipokuwa wakishuka. Mjukuu akamwambia kwamba baadhi yao, naam, walikuja hapa. Nyanya akaketi juu ya ukuta mfupi, akavua viatu, akapumzisha miguu. "Basi nimefika," alisema.

Kisha binti alisimulia jinsi Makerere ulivyoanza. Mwaka 1922 haukuwa chuo cha mawakili wala cha waganga. Ulikuwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wakifundishwa useremala, ujenzi na umekanika. Elimu nyingine zote zilikuja baadaye, na ukawa chuo kikuu kamili cha peke yake mwaka 1970.

"Umekanika?" kaka aliuliza.

"Umekanika," dada yake alijibu. "Wa kwanza kabisa walikuwa mafundi kama wewe."

Kaka hakusema zaidi. Lakini jioni ile, wengine walipokuwa wakifunga mizigo, alimwendea baba yake nje, akamwuliza kama alijua karo ya chuo cha ufundi pale Nakuru ni kiasi gani kwa mwaka. Baba alisema hajui. Kisha akasema jambo ambalo alipaswa kulisema miaka minne nyuma. "Mwanangu, nilikuwa nikiona fedha zako zikija, nikanyamaza. Nisamehe. Tukifika nyumbani tutaiuliza hiyo karo pamoja."

ZAWADI IPIMWEJE

Jamaa hiyo ilirudi Njoro baada ya siku tano. Hakukuwa na picha za majumba marefu ya Dubai za kuonyesha kijiji, na jirani mmoja alicheka akisema kwamba Uganda si nchi ya nje. Mama alimjibu kwa upole kwamba yeye alivuka mpaka kwa kitambulisho mkononi na fedha ya kigeni mfukoni, na kama hiyo si nchi ya nje, basi amwonyeshe ilipo. Daftari la baba lilikuwa na baki, ingawa si kubwa, na mkopo haukuchukuliwa. Baki ile iliwekwa kando kwa ajili ya muhula wa kwanza wa kaka.

Hapana ubaya katika kwenda Dubai, London au New York kwa mtu mwenye uwezo, na kijana aliyepata nafasi hiyo asiikatae. Lakini wazazi wengi wa Nakuru na viunga vyake hawana uwezo huo, wala hawana sababu ya kuona haya. Zawadi ya mahafali haipimwi kwa umbali wa mahali palipofikiwa. Swali la kwanza ni kama italipwa kwa fedha zilizopo au kwa fedha za kesho. Swali la pili ni la viti: nani ameketi ndani ya basi, na nani ameachwa nyumbani kuangalia ng'ombe. Swali hilo la pili husahauliwa mara nyingi, kwa maana mara nyingi aliyeachwa ndiye aliyelipa.

Wazazi wanaoifikiria safari ya namna hii na waanze mapema: wakague vitambulisho vya wote miezi mitatu kabla, wachomwe chanjo, wasafiri mchana, waandike bei katika karatasi, na wakate nauli ya kwenda na kurudi kabla ya kununua nguo mpya. Na mhitimu mwenyewe, kabla hajauliza atapelekwa wapi, na aketi ahesabu kwa vidole ni watu wangapi waliomfikisha siku ile ya joho. Huenda akakuta kwamba vidole vya mkono mmoja havitoshi.

Nyanya sasa hukikunja kitambulisho chake kipya katika kitambaa kile kile cha zamani. Akiulizwa kwa nini hakiweki kabatini pamoja na hati nyingine za nyumba, hujibu kwamba mtu hajui ni siku gani ataitwa kusafiri tena.